Mwalimu Aliyegawa Kitabu

Juzi wanangu walikuwa wakitazama kichekesho cha walimu kwenye televisheni. Shule haina chaki wala madaftari, mwalimu mkuu amefungia karatasi kabatini na funguo kazivaa shingoni, na walimu wawili wazima wanaviziana kwa sababu ya kalamu moja nyekundu. Wanangu walicheka mpaka wakagaagaa sakafuni. Mimi pia nilicheka, maana ukweli usemwe, mambo yale yanachekesha. Halafu mwishoni likaingia gari lenye maboksi, walimu wakakumbatiana, muziki ukapigwa, nami nikainuka kwenda jikoni kama mtu aliyesahau kitu kwenye moto. Mke wangu akaniuliza macho yana nini. Nikasema moshi, na sisi tunapikia gesi.

Nilikuwa nimemkumbuka Ustaza.

Ustaza ni mwalimu wa kike kwa Kiarabu cha Juba. Shuleni kwetu Munuki, mtaa mmoja wa Juba, walimu wa kike walikuwa watatu, lakini ukitaja Ustaza bila kuongeza neno, hata vijana wa bodaboda pale stejini walijua unamsema yupi. Alifundisha darasa la nne. Mimi nilikuwa na darasa la tano, upande wa pili wa ukuta wa mabati, kwa hiyo kwa karibu miaka mitatu nilisikia kila alichosema, na yeye, kwa bahati yangu mbaya, alisikia kila nilichosema mimi. Alikozaliwa sikujua, wala ukoo wake, na si kwamba nilisahau kuuliza. Nilichojua ni kwamba aliishi Uganda ukimbizini miaka mingi, akasomea ualimu huko, akarudi Juba baada ya amani na sanduku moja la bati. Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko, kisichojali ngeli hata kidogo. Changu alikiita Kiswahili cha kufunga tai.

Nilifika kutoka Kitale miezi michache kabla ya uhuru wa nchi ile, na mashati matatu meupe na imani kwamba nchi mpya itakuwa na vitu vipya. Siku ya kwanza nilipewa watoto sitini na ubao mtupu. Nikaenda kwa jirani.

"Ustaza, naomba chaki."

"Mafi," akasema. Maana yake hakuna.

"Hata kipande?"

"Mkenya, mafi ni mafi. Hapana iko mafi kubwa na mafi kidogo."

Na huku mfuko wa gauni lake umetuna. Nilimchukia siku hiyo, nasema wazi. Nilirudi darasani nikafundisha kuzidisha kwa vidole.

Wiki iliyofuata ndipo nilipojua kilichokuwa mfukoni. Kilikuwa muhogo. Aliununua sokoni ukiwa mbichi, akaumenya, akaukata vipande vya urefu wa kidole, akavianika juu ya bati siku nne tano mpaka vikauke kabisa. Vinaandika. Si weupe wa chaki, ni weupe wa uji, na lazima ukandamize, lakini vinaandika. Chaki ya kweli alikuwa nayo pia, boksi moja alilotoka nalo Uganda, na hilo lilikuwa la mitihani tu. Alisema mtoto asifeli kwa makosa ya muhogo. Nilipomwomba anifundishe kuutengeneza aliniacha nikae karibu nikitazama, amenipa mgongo, kisu kikienda.

Ubao wake pia aliupaka mwenyewe. Watoto walimletea betri za redio zilizokufa, akazipasua, akatoa ule unga mweusi wa ndani, akaukoroga na maji ya majani ya viazi na uji kidogo ili ushike. Kila mwanzo wa muhula mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni, na alikuja kanisani nayo hivyo hivyo bila kujali nani anatazama.

Shida ya chaki ya muhogo ni mbuzi. Jirani wa shule alikuwa na mbuzi saba wasiofungwa kamba. Asubuhi moja tulirudi kutoka gwaride tukakuta wawili wamepanda benchi wanalamba ubao wa Ustaza. Somo zima la mzunguko wa maji lilikuwa limeliwa, limebaki wingu pale juu wasipofika. Watoto walipiga vigelegele. Ustaza alimkamata mmoja pembe, akamtazama usoni, akamwuliza, "Wewe umeelewa?" Kisha akamtoa nje taratibu na kuanza somo upya kutoka kwenye wingu. Tangu siku hiyo kila alipotoka darasani alifunga mlango, hata akitoka kupiga chafya.

Uhuru ulipokuja tuliimba mpaka sauti zikakauka. Ofisa mmoja alikuja shuleni, akapanda juu ya kiti, akaahidi vitabu, madawati na chaki. Tulipiga makofi. Ustaza alipiga makofi pia, halafu akaninong'oneza, "Uhuru imekuja na ndege. Chaki iko nyuma, nakuja na miguu." Miezi kadhaa baadaye boksi lilikuja kweli, zito, limefungwa kwa waya, kutoka kwa wahisani tusiowajua. Walimu wote tulilizunguka. Ndani mlikuwa na kalenda za mwaka uliopita, mamia, zenye picha za milima na theluji. Mwalimu mkuu alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake nzuri. Ustaza alichukua moja, akaigeuza.

"Nyuma iko mweupe," akasema. "Nyuma hapana na mwaka."

Muhula mzima shule yetu iliandikia nyuma ya theluji.

Lakini mambo hayo angeyafanya mwalimu yeyote mwenye akili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wasemavyo. Ustaza ninamkumbuka kwa sababu ya kitabu.

Darasa la nne lilikuwa na kitabu kimoja cha sayansi, cha Kiingereza, kilichokuja naye ndani ya lile sanduku la bati. Watoto walikuwa arobaini na wawili. Mwalimu mwingine angekisoma kwa sauti na wao wakanakili. Ustaza alichukua wembe, akakipasua mgongo, akakitoa karatasi moja moja mbele ya darasa zima. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika kichwa. Kitabu kimoja! Karatasi zilikuwa arobaini, na majalada mawili. Kila mtoto alipata karatasi yake. Alitakiwa kuitunza ndani ya mfuko wa plastiki wa sukari, aijue kwa moyo mbele na nyuma, na somo likifika pale, yeye ndiye asimame mbele afundishe wenzake. Sharti lilikuwa moja, na aliwakumbusha kila Jumatatu: karatasi hapana pewa mtu. Mama hapana, padri hapana. Ustaza tu.

Mtoto aliyepata jalada la nyuma alilia. Lilikuwa tupu, bluu, halina neno. Ustaza alimwita mbele. "Mvua nakuja," akamwambia, "nani nalowa kwanza? Wewe. Bila wewe kitabu yote ni uji." Kuanzia hapo yule mtoto alitembea kifua mbele kama askari.

Kabla mwezi haujaisha hakuna aliyewaita watoto wale kwa majina. Kulikuwa na Meno, kulikuwa na Mvua, kulikuwa na Kutu, kulikuwa na Minyoo ambaye alipigana na kila aliyemcheka. Kulikuwa na msichana mdogo mwembamba, Rebeka, aliyepata karatasi ya mbu. Mbu aliifundisha karatasi yake vizuri hivi kwamba nilikuwa nanyamazisha darasa langu tumsikilize kupitia ukuta. Mbu jike hutaga mayai juu ya maji yaliyotuama, alisema, na alilitamka hilo "yaliyotuama" kwa Kiingereza kwa uzito wa mtu anayetoa ushahidi. Mwisho wa mwaka Ustaza alizikusanya karatasi zote, akampa kila mtoto mkono kama mtu mzima, akakishona kitabu, akangoja darasa jipya.

Daftari lake la mahudhurio nalo lilikuwa la namna yake. Juba mtu ana jina lake, la baba na la babu, na ukifika kwa babu, msikilizaji ameshajua umetoka upande gani wa nchi na babu zako waligombana na nani. Mwalimu mkuu alitaka yote matatu. Ustaza aliandika moja, na karatasi. Rebeka, Mbu. Yohana, Meno. Mwalimu mkuu alimgombeza mpaka akachoka.

"Jina moja natosha kuita mtoto kwa chakula," alijibu Ustaza.

Mara moja tu aliniambia zaidi, tukiwa tunakata muhogo. Zamani, katika vita vile vya kwanza, alikuwa kwenye lori na kaka yake. Kwenye kizuizi cha barabarani watu waliulizwa majina. Kaka yake alitaja matatu, kwa heshima, kama alivyofundishwa nyumbani. Hapo Ustaza akachukua kipande kingine cha muhogo. Sikuuliza kilichofuata, na yeye hakuniuliza kwa nini siulizi. Hivyo ndivyo tulivyokuwa marafiki.

Kama tulikuwa marafiki. Chai aliinywa peke yake, ametazama ukuta. Harusi za walimu alituma sukari, yeye haji. Chumbani kwake, nyuma ya shule, kulikuwa na kiti kimoja. Nilipomwuliza mgeni akija inakuwaje, alisema mgeni anakaa, yeye anasimama, na mgeni akiona mwenyeji amesimama hakai sana. Alikuwa mkali. Sikuwahi kumwona akimshika mtoto kichwa au kumsifu zaidi ya kusema "tamam," yaani vizuri. Na bado mtoto akikosa shule siku mbili, siku ya tatu Ustaza alikuwa mlangoni kwao, amesimama, haingii, anauliza tu karatasi iko wapi. Wazazi walidhani anaujali mno ule ukurasa wa kitabu. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo muda mrefu.

Jumapili mchana alikwenda bandarini. Nilimfuata mara moja kwa umbea. Alikaa juu ya gunia la mtu akitazama mashua kubwa za bati zikipakia mafuta, mahindi, magodoro na watu, kuelekea kaskazini na mto. Nilimwuliza anamsubiri nani.

"Mimi hapana subiri mtu. Naangalia tu kwenda."

Tulikaa mpaka ile ya mwisho ilipong'oa nanga. Alimpungia mkono mwanamke fulani aliyekuwa na mtoto mgongoni, ambaye hakumjua, naye akampungia. Kisha tukarudi Munuki. Nilimpenda Ustaza, na sikumwambia, kwa sababu ningemwambia angeniuliza nimekula nini.

Desemba ya mwaka wangu wa tatu pale, siku ya kukusanya karatasi iliwekwa Jumatano. Jumapili kabla ya hapo risasi zikaanza mjini. Siku mbili nililala chini ya kitanda chumbani kwangu, na ya tatu nilikimbilia shuleni kwa kuwa ofisi ilikuwa na ukuta wa matofali. Ustaza alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa mezani kwa mwalimu mkuu, na mbele yake daftari la darasa la nne, kana kwamba watoto wataingia wakati wowote.

Mchana walikuja watu watatu wenye bunduki. Hawakutupiga. Walitaka daftari la majina ya wanafunzi, wajue familia za kabila fulani zinakaa wapi. Mkubwa wao alikuwa kijana wa kutosha kuwa mwanafunzi wake. Ustaza akampa daftari bila kubisha. Yule kijana alisoma kwa kidole.

"Yohana, Meno. Rebeka, Mbu. Hii ni nini?"

"Darasa ya nne."

"Baba zao?"

"Hapana jua."

"Wanakaa wapi?"

"Natoka huko, narudi huko." Akaonyesha mlango.

Kijana alimkagua usoni. Na kwa kuwa majina ya baba zao Ustaza kweli hakuyajua, kwa kuwa kwa mwaka mzima alikuwa amejikataza kuyauliza, uso wake ulizificha hata zile nyumba chache alizowahi kusimama mlangoni. Kijana alilitupa daftari chini, wakaenda kwa jirani. Ustaza aliliokota, akalipangusa kwa kitambaa chake cha kichwa. Alipokivaa tena fundo lilimshinda kufunga, nikamfungia mimi.

Wiki iliyofuata tulitembea mpaka kambi waliyokimbilia watu, nje ya mji, chini ya ulinzi wa askari wa kigeni. Alitaka kuwaona watoto wake. Hilo tu ndilo alilolitaka tangu siku hiyo na kuendelea: wote arobaini na wawili, kitabu kizima. Getini palikuwa na karani mwenye orodha.

"Majina matatu, mama," karani akasema.

"Iko na moja. Rebeka."

"Rebeka wa nani? Leo asubuhi tu nimeandika Rebeka wengi."

"Rebeka, Mbu."

Karani alidhani anamtania. Watu nyuma yetu kwenye foleni walikuwa na majina matatu matatu na walitaka tupishe. Ustaza alisimama pale akiwa amelishika lile daftari kifuani, na nikaona limemwingia. Kile kile kilichowaficha watoto kwa wale wenye bunduki kiliwaficha kwake pia. Alisema, "Malesh," lile neno lao la pole na ya nini tena, akatoka kwenye foleni.

Tuliingia baadaye pamoja na wabeba maji. Na hapo Ustaza, ambaye hakuwahi kupaza sauti nje ya darasa, alianza kupita kati ya mahema akiita kama mchuuzi. "Meno! Mvua! Mbu! Jalada ya nyuma!" Mwanamke mmoja alitoa kichwa akauliza dawa ya meno ni kiasi gani. Wengine walimwonea huruma, wakadhani akili imeondoka. Nilitembea hatua kumi nyuma yake, nasema ukweli wangu, kwa aibu.

Halafu ndani ya hema la turubai sauti ndogo ikasema kwa Kiingereza: "Binadamu ana meno ya aina nne." Akatoka Yohana, amevaa shati la mtu mzima, na mfuko wake wa sukari mkononi. Ustaza alitazama karatasi mbele na nyuma. "Mwaka imekwisha," akasema, akaichukua, akampa mkono. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Aliinama mpaka sikioni mwa mtoto, akamwuliza jina la baba na la babu, na mtoto akamnong'oneza, naye akaandika kwenye kijitabu kidogo huku amekikinga kwa kiganja. Siku hiyo alipata watoto tisa. Mbu hakuwemo. Jalada la nyuma hakuwemo.

Wiki tatu baadaye nikapata nafasi kwenye gari la kuelekea mpakani. Niliambiwa asubuhi, gari linaondoka saa tano. Nilipita shuleni, Ustaza alikuwa kambini. Ningeweza kumsubiri. Sikumsubiri, kwa sababu niliogopa atakavyonitazama, Mkenya mwenye kwao pa kwenda. Nilichukua muhogo nikamwandikia ubaoni, nikakimbilia gari.

Nyumbani nilipata kazi ya kufundisha katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa nchi yetu. Miaka ikapita, Juba ikaungua mara ya pili, na sikumwandikia. Siku moja nilipelekwa kushikilia darasa la muda la wageni waliofika usiku na wanaosubiri kupangiwa pa kwenda. Hakuna orodha, hakuna madawati, watoto juu ya mkeka. Nikaona niwafundishe malaria. Nikauliza nani anajua chochote kuhusu mbu. Msichana mrefu nyuma akasimama, akanyoosha mikono kando, akasema mbu jike hutaga mayai juu ya maji yaliyotuama. Aliendelea mpaka mwisho wa ukurasa, akageuka kidogo kama anayegeuza karatasi, akaanza nyuma.

Niliuliza, "Mbu?"

"Ustaz wa darasa la tano," akasema, amenitambua.

Karatasi yake alikuwa nayo ndani ya gauni, katika mfuko ule ule wa sukari. Nilimwomba anipe nimpelekee Ustaza. Alikataa katakata. "Ustaza alisema hapana pewa mtu." Basi nikakaa naye kwenye mkeka mapumziko yote nikainakili. Niliandika kila neno, nambari ya ukurasa, hata picha ya mbu nikaichora na mishale yake yote. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo miaka mingi. Kesho yake asubuhi mabasi yalikuwa yameshawachukua wale wageni, na pale ofisini hakuna aliyeweza kuniambia kundi lile limepelekwa wapi.

Nikaomba ruhusa, nikasema nakwenda Juba kuchukua vyeti vyangu. Vyeti nilikuwa navyo sandukuni.

Shule ya Munuki ilikuwa imevuliwa mabati yote. Niliulizia stejini, nikaelekezwa mtaa wa Hai Mauna, chumba kilichopakana na karakana ya kuchomelea milango. Alikuwa amekonda. Alinitazama kwa karibu, maana macho yalikuwa yameanza kumwacha.

"Mkenya," akasema. "Uliacha mlango wazi."

Nilikuwa tayari kwa lawama yoyote ila hiyo.

"Mbuzi nakula barua yako. Mimi nakuta, 'Ustaza, nakwenda nyumbani, nita.' Nita nini?"

"Nitarudi, Ustaza."

"Aa." Alifikiri kidogo. "Mimi nafikiri nitaandika."

Kiti kilikuwa kimoja bado. Akanikalisha, yeye akasimama. Juu ya sanduku la bati kulikuwa na kitabu, kimeshonwa kwa uzi wa gunia, kinene upande mmoja. Karatasi alizokwisha kupata zilikuwa ishirini na tatu, na jalada la mbele. Pale palipokosekana alikuwa ameshona kipande cha kalenda, mbele weupe, nyuma theluji. Mwishoni, mahali pa jalada la bluu, palikuwa na theluji tupu.

Nilimpa nakala yangu. Aliisogeza mpaka mlangoni kwenye mwanga, akaisoma yote, polepole, akanong'ona baadhi ya maneno. Kisha akaweka kidole kwenye mchoro.

"Mbu iko na miguu sita. Hii ni saba."

"Kosa langu."

"Lakini iko hai? Uliona na macho?"

"Niliona. Yuko hai. Alisimama akafundisha darasa."

Alifunga macho, akasema tamam, mara mbili. Kisha akatoa kile kijitabu kidogo kutoka kifuani na kalamu kutoka kwenye nywele. Majina matatu matatu, yameandikwa kwa herufi ndogo, na mahali mtoto alipo. Alikwenda mpaka mstari wenye jina moja. Akaweka ncha ya kalamu karatasini.

"Rebeka nani?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimenakili kila kitu. Nilinakili nambari ya ukurasa, nilinakili mishale. Kule kambini nilimwona Ustaza kwa macho yangu akiinama kwenye sikio la Yohana, na mimi nikakaa na yule msichana mapumziko yote, bega kwa bega, nisimwulize.

"Sikuuliza," nikasema.

Aliinua kalamu kutoka karatasini. Karakana ya jirani walikuwa wakigonga chuma, wakanyamaza, wakagonga tena.

"Malesh," akasema. "Ni mimi nafundisha watu hapana uliza."

Niliona aibu kiasi cha kutaka kuondoka. Nilisema nitarudi kambini, nitamtafuta. Hilo alishalisoma nusu yake siku moja ubaoni. Aliirudisha kalamu kichwani, akaniuliza, "Amekuwa mkubwa?"

"Amekuwa mrefu."

"Refu namna gani?"

Nikainuka kwenye kiti, nikaonyesha kwa mkono. Alikuja karibu akautazama mkono wangu, akaniambia nisiushushe. Akachukua kipande cha muhogo dirishani, akasogea ukutani, akaweka alama.

"Hapa?"

"Juu kidogo."

"Hapa?"

"Hapo."

Alichora mstari, akakandamiza vizuri, akaandika pembeni yake: Rebeka, Mbu. Ndipo nilipoona mistari mingine miwili ukutani, ya chini zaidi, yenye jina moja moja. Alisimama mbele ya huo mpya, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayemshika mtoto kichwa, akakaa hivyo.

Nilipotoka alinisindikiza mpaka kizingitini, akanipa mkono. Uani, kati ya milango ya chuma, walikuwepo mbuzi wawili wa jirani. Ustaza aliwatazama, akarudi ndani, akafunga mlango, na nikasikia akiuegemezea kiti.